Chupa za Mombasa: dhana potofu kuhusu ramani ya urejelezaji wa vioo

Kioo ni mzigo mzito wenye bei ndogo. Ramani nyingi za urejelezaji hukosea hapo: zinaonyesha chupa zilipo, lakini hazionyeshi ni gharama gani kuzitoa hapo hadi kwenye tanuri la kuziyeyushia. Dhana zifuatazo husikika kila mara mtandao wa kukusanya chupa za Mombasa unapopangwa, na kila moja ina hasara yake.

"Vituo vikiwa vingi, mtandao ni imara"

Tuseme kuna vituo 40 vya mitaani, kila kimoja kikitoa kilo 25 kwa wiki. Hiyo ni tani moja. Hoteli tano za Nyali, Bamburi na Shanzu zikitoa kilo 200 kila moja, nayo ni tani moja. Kupakia kukichukua dakika 10 kila kituo, kundi la kwanza linakula saa sita na dakika 40, la pili dakika 50, na mafuta bado hayajahesabiwa. Kwa hiyo kila alama kwenye ramani ipewe uzito wa kilo kwa wiki. Alama tupu haisemi kitu.

Kilo hizo zipimwe kwa mizani, na zipimwe misimu miwili: wageni wanapojaa, yaani Julai na Agosti halafu Desemba, na wakati wa mvua za masika, hoteli zinapokuwa na vyumba vitupu. Anayepima Desemba peke yake atanunua lori ambalo Mei litalala yadini.

Hii haina maana kwamba mitaa iachwe. Kisauni, Changamwe na Likoni, kazi hufanywa na waokotaji na mikokoteni yao, na wanastahili kulipwa kwa mizani wanayoiona wenyewe. Wanachohitaji ni yadi iliyo karibu, ambayo lori litaifikia mzigo ukishatosha. Ndani ya yadi hiyo utaratibu usipinduliwe: kwanza tenga rangi (nyeupe, kahawia, kijani), kisha toa vifuniko na pete zake, mwisho vunja. Rangi zikivunjwa zikiwa zimechanganyika, hakuna mkono utakaozitenganisha tena.

Kuvunja ndiko kunakobadilisha hesabu ya usafiri. Mita moja ya ujazo ya chupa nzima ina kilo 300 hivi. Zikivunjwa, nafasi ileile hubeba kilo 1,100 au zaidi. Gunia la mahindi la kilo 90 likijaa chupa nzima halifiki kilo 40. Lakini likijaa chupa zilizovunjwa litapita kilo 130, litapasuka, na litamkata anayelibeba. Lijazwe theluthi moja tu. Mvunjaji avae miwani, glavu za ngozi na buti, na avunjie ndani ya pipa lenye mfuniko.

"Palipo karibu kwenye ramani ni karibu njiani"

Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi Mombasa, kwa sababu mji umekatwakatwa na maji. Mtu huchora duara la kilomita tano kuzunguka yadi, kisha huhesabu kila baa iliyo ndani yake. Sasa tazama: kutoka Mji wa Kale hadi English Point ni mita mia chache za maji, lakini gari lazima lizunguke Daraja la Nyali. Mikindani na Tudor zinatazamana, maji yakiwa kati. Mtongwe iko ng'ambo tu ya Kilindini, na lori lake lina njia mbili: kupanga foleni ya feri Likoni, au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu hadi Miritini, makumi ya kilomita.

Dawa yake ni kupima dakika za barabarani. Pakia barabara za OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni) kwenye QGIS (programu ya bure ya ramani), weka kila daraja na feri kama kipande chenye muda wake, na upime muda wa feri asubuhi, adhuhuri na jioni. Ukifanya hivyo utaona kwamba Likoni inahitaji yadi yake, ya kuvunjia upande uleule, ili kinachovuka kiwe lori lililojaa uzito.

Tena kuna kosa la vipimo lisiloonekana kwa macho. Simu hutoa nukta za WGS 84, mfumo wa vipimo wa GPS, ambazo Mombasa huwekwa kwenye UTM (gridi ya mita) kanda ya 37 kusini. Ramani za zamani za upimaji wa Kenya zinatumia mfumo mwingine, Arc 1960. Ukizichanganya bila kuzibadilisha, nukta zinasogea takriban mita 300, na kwenye kisiwa hiki mita 300 zinatosha kuizamisha yadi baharini.

"Penye baa nyingi pana kioo kingi"

Chupa nyingi za bia na soda hurudi kiwandani ndani ya kreti, kwa sababu zina amana, yaani pesa anayorudishiwa anayezirejesha, na zinajazwa tena. Hizo hazihitaji kuyeyushwa. Mzigo halisi ni chupa za mvinyo, pombe kali, sosi na manukato. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 hukaribia nusu kilo, kwa hiyo 2,000 hivi hufanya tani.

"Kioo ni kioo"

Sahani za kauri, vikombe na vigae vya sakafu havimalizi kuyeyuka kwenye tanuri la nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi. Vinabaki kama kijiwe ndani ya chupa mpya, na chupa hupasukia hapo. Kifuniko cha alumini ni kibaya vilevile: huvuta oksijeni kutoka kwenye silika (mchanga unaofanya kioo) na kuacha vitone vya silikoni. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2012 zinataka chuma chenye kuvutwa na sumaku kisizidi gramu 50 kwa tani ya kioo. Bakuli zinazostahimili moto wa jiko, vioo vya mbele vya magari na taa za tyubu zisiingie kabisa.

"Lazima yote yapelekwe Nairobi"

Kasarani, Nairobi, kuna kiwanda cha chupa, ni kweli, na Dar es Salaam kuna kingine, Kioo Limited. Lakini Milly Glass Works iko hapahapa Mombasa. Tena malori mengi hupanda bara yamejaa shehena ya bandari na kurudi matupu, kwa hiyo kioo cha bara kinaweza kuteremka pwani kwa nauli nafuu, na cha pwani kinapanda kwa nauli kamili. Uliza bei kila kiwanda kwa kila rangi, toa nauli, ndipo uchore kwenye ramani mshale wa kioo kinakokwenda. Na usiukate mtandao kwenye mpaka wa kaunti: Mtwapa iko Kilifi na Diani iko Kwale, lakini chupa zake ni za mtandao huuhuu.

"Kinachobaki kisagwe kiwe mchanga wa matofali"

Chembe kubwa za kioo hupigana na alkali ya saruji, na penye unyevu kama wa pwani huvimba na kupasua tofali. Kioo kikisagwa hadi chini ya milimita 0.3 hatari hupungua sana. Usipokuwa na mashine ya kufikia unga huo, kitandike chini ya vitofali vya sakafu ya nje, pasipo saruji.