Roseti ya gitaa: maana yake na jinsi inavyobuniwa

Roseti ni pete ya nakshi inayozunguka tundu la sauti katika ubao wa mbele wa gitaa. Kwa kawaida huundwa kwa vipande vyembamba vya mbao za rangi mbalimbali, au kwa magamba ya viumbe wa baharini, ambavyo hulazwa ndani ya mfereji uliochimbwa ubaoni na kusawazishwa hadi mkono ukipita juu yake usihisi mpaka wowote. Katika vyombo vya zamani zaidi jina hilo hutajwa kwa pambo la namna nyingine. Kwenye udi, ukiwamo udi unaopigwa katika taarabu ya Zanzibar, roseti hulifunika tundu lenyewe, kwa kuwa ni nakshi iliyotobolewa ambayo sauti hupenya kati ya michoro yake. Magitaa ya Ulaya ya karne ya 17 nayo yalikuwa hivyo, na mengi yalipambwa kwa ngozi nyembamba iliyokatwa kwa ustadi mkubwa na kupangwa ghorofa kwa ghorofa kuelekea ndani ya kasha. Baadaye tundu likaachwa wazi, na pambo likahamia ukingoni.

Kuhama huko kulibadilisha kazi ya mbunifu. Pambo linalofunika tundu huigusa sauti, kwa sababu hupunguza nafasi inayopitisha hewa ya ndani ya kasha inapotikisika, ilhali pete inayolizunguka tundu haiizuii hewa hata kidogo. Wapo mafundi wanaosema kwamba pete hiyo huzuia ubao usipasuke kuanzia ukingoni mwa tundu, na hoja yao ina ukweli kiasi. Lakini kazi hiyo hasa hufanywa na kiraka cha mbao kinachogundishwa upande wa ndani. Ni haki, basi, kusema kwamba roseti ya leo ni pambo tu, na kwamba ni miongoni mwa sehemu chache za gitaa ambapo fundi anaweza kuchora apendacho bila kuhofia kuiharibu sauti, mradi asichimbe kupita kiasi.

Sharti hilo la mwisho si dogo. Antonio de Torres (1817–1892), fundi wa Hispania ambaye magitaa yake ndiyo yaliyoweka mfano wa gitaa la klasiki la sasa, alitengeneza mwaka 1862 gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, ili kuonyesha kwamba sauti hutegemea zaidi ubao wa mbele. Ubao huohuo ndio unaochimbwa kwa ajili ya roseti. Wakati wa kuchimba, huwa na unene wa takriban milimita 3, na mfereji huingia kama milimita 1.5; kisha ubao hupunguzwa kwa randa upande wa ndani hadi ufikie milimita 2.5 au pungufu ya hapo. Chini ya pete hubaki mbao ya milimita moja hivi, na hapo ndipo kiraka kilichotajwa kinapokuwa na maana.

Ubunifu wenyewe huanzia kwenye karatasi ya mirabamraba, na tuchukue mfano wa gitaa la klasiki lenye tundu la kipenyo cha milimita 85. Fundi anaweza kuamua kwamba mkanda mkuu wa pete, ule wenye mchoro, uanze milimita 50 kutoka kitovu cha tundu na uishie milimita 58, huku pande zake mbili zikizungushiwa mistari myembamba myeupe na myeusi. Mkanda huo una upana wa milimita 8. Akitumia vinia, yaani mbao zilizochanwa nyembamba sana, za unene wa milimita 0.6, upana huo utachukua safu mlalo 13. Mchoro mmoja akiupa safu wima 11, utakuwa na upana wa milimita 6.6, na michoro 56 itatosha kuuzunguka mkanda wote. Hesabu ya 11 haikuchaguliwa ovyo: idadi isiyogawanyika kwa mbili huupa mchoro safu moja ya katikati, ambayo pande zake mbili zinaweza kufanana kabisa.

Mwenye kuitazama pete iliyokamilika huona miraba kama 8,000 na kudhani kwamba kila mmoja ulipachikwa peke yake. Hakuna fundi mwenye subira hiyo. Kinachofanyika ni kwamba kwa kila safu wima, vinia 13 hupangwa kwa mfuatano wa rangi za safu hiyo na kugundishwa pamoja ziwe ubao mmoja, kisha ubao huo huchanwa kwa urefu kuwa fito nyembamba za milimita 0.6. Kwa kuwa mchoro unafanana kulia na kushoto, mbao sita tu za namna hiyo zinatosha kwa safu zote 11. Fito 11 zikipangwa kwa utaratibu wake na kugundishwa, hupatikana mche mmoja mrefu ambao mchoro wake unaonekana kwenye kila ncha, nao hukatwa vigae vyembamba kama mche wa sabuni unavyokatwa dukani. Mche wa sentimita 20 ukikatwa vigae vya milimita 1.5, hata ukihesabu kinachopotea kwenye meno ya msumeno, hutoa vigae vya kutosha gitaa moja na karibu la pili.

Ugumu unaowashinda wengi uko kwenye duara. Mzingo wa ndani wa mkanda wetu ni milimita 314 na wa nje ni 364, yaani kuna tofauti ya milimita 50, ambayo haiondoki kwa kubana vigae wala kwa kuongeza gundi. Ikigawanywa kwa vigae 56, kila kimoja kinapaswa kuwa na milimita 5.6 upande wa ndani na 6.5 upande wa nje, kwa hiyo mche hukwanguliwa uwe na umbo la kabari kabla ya kukatwa. Ukwanguzi huo hula safu za pembeni, tena zaidi kwenye upande wa ndani. Mbunifu mzoefu hujua hivyo mapema, akaziacha safu za kando ziwe za rangi ya usuli tu. Anayeweka mstari muhimu pembeni atauona ukiyeyuka kadiri unavyokaribia tundu.

Ubao wa vidole, yaani ule wa shingoni ambapo nyuzi hubanwa, humsaidia fundi kwa jambo moja, kwa kuwa katika gitaa la klasiki hufika hadi ukingo wa tundu na kufunika vigae kama kumi. Kiungo cha pete, ambacho mara nyingi hakilingani sawasawa, hufichwa hapo. Kigae kinachostahili kupangwa kwa makini kuliko vyote ni kile cha chini kabisa, kinachotazamana na daraja linaloshikilia nyuzi, kwa sababu kimekaa juu ya mstari wa katikati wa gitaa na kikipotoka hata kidogo jicho hukigundua.

Kuhusu rangi, naona mbao zenye rangi yake ya asili ni bora kuliko zilizotiwa rangi, kwa kuwa kijani na nyekundu za dukani hufifia kwa mwanga ilhali ubao wa mbele, kama ni wa sprusi (mti wa jamii ya msonobari), huzidi kuwa wa manjano kadiri miaka inavyopita. Mpingo hutoa weusi usiofifia, lakini vumbi lake huingia katika vinyweleo vya ubao mweupe na kuuacha na madoa. Dawa yake ni kuupaka ubao shelaki (aina ya vanishi) nyepesi kabla ya kuchimba mfereji. Magitaa ya nyuzi za chuma yamefuata njia nyingine: kampuni ya Martin ya Marekani hutumia katika mtindo wake wa 28 makundi matatu ya pete nyembamba, na katika mtindo wa 45 huweka gamba la abaloni, konokono wa baharini, linalometameta.

Zipo roseti zilizo tayari zinazouzwa kwa bei nafuu, na si aibu kuzitumia. Hata hivyo, mafundi wengi wa gitaa la klasiki hubaki na mchoro wao mmoja maisha yote, hata wajuzi wakautambua kabla ya kusoma kibandiko kilicho ndani ya kasha. José Romanillos, Mhispania aliyefanya kazi miaka mingi Uingereza, aliuchukua wake kutoka matao ya Msikiti Mkuu wa Córdoba, jengo ambalo tao lake moja hurudiwa ukumbi baada ya ukumbi.