Mtungi wa Gesi na Kisado cha Mkaa: Tunayoyasema Mwanza

"Gesi tunayo wenyewe Mtwara, mbona mtungi Mwanza ni ghali?" Hii utaisikia Kirumba, Buhongwa, hata ndani ya kivuko cha kwenda Ukerewe. Kumbe ni gesi mbili tofauti. Ya visima vyetu vya kusini, Songosongo (Lindi) na Mnazi Bay (Mtwara), ni methani. Inapita kwenye bomba hadi Dar es Salaam, na nyingi inafua umeme. Ya mtungini ni propani na butani: inaletwa kwa meli kutoka nje, kisha lori linaibeba zaidi ya kilomita 1,100 mpaka huku. Bei yake inafuata soko la dunia, dola na dizeli.

"Sisi hatukuchafua hewa, sera hizi za nishati safi ya kupikia zatuhusu nini?" Nusu ya kwanza ni kweli: Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Ila moshi wa jikoni haungoji mikutano ya kimataifa. Anayeuvuta ni mama anayepika, leo hii.

"Mkaa ni rahisi." Hapa ndipo ubishi ulipo. Urahisi wa mkaa ni kwamba unagawanyika. Mwenye hela ya jioni moja ananunua kisado, ilhali mtungi wa kawaida hauuzwi robo robo. Jumlisha visado vya mwezi mzima, ulinganishe na mtungi, kabla hujaapa kuwa ni rahisi.

Ndiyo maana simwamini anayesema ruzuku ya mtungi imemaliza kazi. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imeuza mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei, jambo jema, lakini gesi ya kwanza ikiisha, kujaza ni bei ya dukani. Nimeona nyumba ambako mtungi umekuwa kigoda cha watoto. Lengo la serikali ni asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na vigoda havipiki.

"Umeme unakula hela." Inategemea jiko. La koili, sawa, linakula. La presha linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na kwa mteja mdogo wa TANESCO uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Kikwazo ni bei ya jiko lenyewe, na umeme kukatika saa kumi na mbili jioni maharage yakiwa bado magumu.