Je, wajua kwa nini saratani ya utumbo mpana hurudia katika baadhi ya koo?

Barazani Lamu utasikia kwamba maradhi fulani ni "ya nyumba ile". Kwa saratani ya utumbo mpana, mara nyingi si kweli. Wagonjwa wengi hawakuirithi: jeni ziliharibika ndani ya utumbo wenyewe, kidogokidogo kwa miaka, na uharibifu huo haumfikii mtoto. Takriban 5 kati ya 100 ndio waliozaliwa na jeni yenye kasoro kubwa.

Wengi wa hao wana ugonjwa wa Lynch. Seli inapogawanyika hunakili DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani yake, na kukosea hapa na pale. Jeni MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 ndizo za kusahihisha. Moja ikiwa na kasoro, makosa hurundikana. Mzazi mmoja anatosha kuirithisha, kwa uwezekano wa 1 kati ya 2 kwa kila mtoto. Lynch huleta pia saratani ya mji wa mimba, kwa hiyo shangazi aliyeugua hiyo ahesabiwe, wengi humsahau.

Kasoro ya jeni APC huonekana mapema: vinundu mamia, hata maelfu, ndani ya utumbo mpana tangu ujana. Utumbo huo usipoondolewa, saratani ni karibu lazima.

Jeni MUTYH ni tofauti, nayo inazihusu zaidi koo zinazooana zenyewe kwa zenyewe. Mtoto huugua akipata kasoro kwa baba na kwa mama pia. Ukiwa nayo, uwezekano wa binamu yako wa kwanza kuwa nayo ni kama 1 kati ya 8. Mkioana nyote mnayo, kila mtoto ana 1 kati ya 4 ya kurithi zote mbili. Wazazi kwa kawaida ni wazima, ndiyo maana ndugu wawili wakiugua hakuna anayefikiria urithi.

Andika nasaba ya vizazi 3, kuumeni na kukeni: nani aliugua, kiungo gani, akiwa na umri gani. Umri ndio unaoachwa, na ndio daktari anaoutaka. Apimwe jeni kwanza aliyeugua. Kasoro ya ukoo isipojulikana, majibu mazuri ya mtu asiyeugua hayamhakikishii kitu. Akiwa ameshafariki, maabara huenda bado ina kipande cha uvimbe wake kilichohifadhiwa kwenye nta.

Mwenye Lynch huangaliwa utumbo kwa kamera kila mwaka 1 hadi 2, kuanzia miaka 25 hivi, pengine mapema zaidi au baadaye, kutegemea jeni yenye kasoro. Na damu chooni isiitwe bawasiri kabla ya kupimwa: mtu aweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja.