Tiba ya kuamsha shughuli ni nini?

Ni tiba ya mazungumzo ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kwa mtu aliyeangushwa na pigo la maisha: amefukuzwa kazi, ndoa imevunjika, duka limefilisika. Lengo ni arudi kwenye shughuli zake kabla hamu haijarudi. Mnasihi haanzi kwa kumwambia awaze mazuri, anaanza na ratiba.

Aliyepoteza mtaji huacha kwenda sokoni, hapokei simu za wanaomdai, hushinda kitandani. Kukwepa huko kunampa nafuu ya saa moja, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kukwepa tena kesho. Huku nyuma, mambo yaliyokuwa yakimpa raha na heshima yanakatika moja baada ya jingine, na sonona inazidi kujichimbia.

Wiki ya kwanza habadilishi kitu. Anaandika tu daftarini alichofanya kila saa na hali ya moyo wake, kuanzia 0 hadi 10. Hapo huanza kuonekana, kwa mfano, kwamba jioni aliyopiga soga na jirani ina 5 na mchana wa kuperuzi simu una 2. Kisha huchaguliwa shughuli mbili tatu, kila moja na siku, saa na mahali pake. "Nitafanya mazoezi" haitoshi. "Jumanne saa 12 asubuhi nitatembea hadi kituo cha daladala na kurudi" inatosha. Ikishindikana, isiitwe uvivu, ipunguzwe. Deni lote halizungumziki kwa siku moja, lakini ujumbe mfupi kwa mdai mmoja unaandikika.

Wengi hukwama kwa kujaza ratiba kazi tupu, bila chochote cha kufurahisha. Wengine hutembea huku kichwa kikirudia yaleyale. Hao huelekezwa kusikiliza hatua zao na sauti za njiani.

Njia hii ni sehemu ya PM+ (Problem Management Plus), mpango wa msaada wa kisaikolojia wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2016: vikao 5, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja. Nairobi ulijaribiwa na wahudumu wa afya wa jamii kwa wanawake waliopitia ukatili, na msongo wao ulipungua kuliko wa waliopata huduma ya kawaida. Wahudumu hao hawakuwa madaktari, jambo lenye uzito kwetu ambako wataalamu ni wachache.

Mwenye mawazo ya kujiua asiachiwe daftari peke yake. Afikishwe hospitali siku hiyohiyo, akiwa na mtu wa kumsindikiza.