Ukucha ukishaachia nyama haurudi kushika

Ijumaa kaja dada mmoja saluni kwangu hapa Sinza, sendofu yake imebaki wiki mbili, kakaa kwenye kiti mikono kaificha ndani ya mtandio. Nikamwambia hebu lete nione. Kucha nne zina weupe umeanzia nchani umeshuka mpaka katikati, ile ya kidole cha pete ukiigusa inacheza kabisa. Eti "we nipakie tu rangi ya jeli nyingine juu ifunike". Nikakataa, akanuna.

Sasa ngoja nieleze. Ule weupe sio upungufu wa kalsiamu kama mnavyodanganyana, ni hewa. Ukucha ulioshika vizuri unaonyesha upinki wa nyama ya chini, ukiachia hewa inaingia katikati ndo unaona cheupe. Na ukucha ni kitu kilichokufa kama nywele tu, pale ulipoachia haujigandishi tena, ni mpaka ukue kutoka kwenye shina usukume ule wa zamani utoke. Za mkono zinakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwaiyo ukucha mzima ni miezi 6 hivi, za mguu ndo usiseme, mwaka na zaidi.

Mara nyingi shida sio jeli yenyewe, ni kuitoa. Yule dada huku ananieleza alikuwa anabandua ya kidole gumba hapohapo, kipande kikadondoka mezani, nikakigeuza nikamuonyesha upande wa chini kuna utando mweupe kama ganda la kitunguu swaumu. Nikamwambia shosti huo ni ukucha wako. Kila ukibandua jeli kavu unaondoka na tabaka la juu, unabaki mwembamba kama karatasi, ukigonga popote unapinda, na ukipinda unaachia. Alafu ukiweka na urefu juu yake ndo umejitengenezea mtaimbo, ncha ikigonga mlango wa bajaji nguvu yote inaenda kung'oa kule chini.

Na sisi mafundi tusijitoe. Mimi nilipoanza kazi nilikuwa nasaga na mashine mpaka mteja anaruka kwa joto, nikijua ndo usafi. Ukisikia inachoma mwambie fundi asimame. Kuitoa jeli inatakiwa kusaga mng'ao wa juu tu, unaweka pamba yenye asetoni, unafunga na foili, dakika 10 mpaka 15, ikilainika unaisukuma taratibu na kijiti, ikigoma unarudishia foili, hukwangui.

Kuna nyingine sio ya kubandua, ni aleji. Hii inakuja na muwasho, ncha za vidole zinakuwa nyekundu, ngozi inachubuka, wengine mpaka kope zinavimba maana mkono unagusa uso. Mara nyingi inatokana na kemikali ya kwenye jeli inaitwa HEMA, jeli mbichi ikigusa ngozi, au taa ya kukaushia isiyoendana na jeli yako, juu imekauka ndani bado mbichi. Ukishaipata hii kwa kawaida huachani nayo, na kemikali za ukoo huohuo zipo kwenye baadhi ya dawa za kuzibia meno, kwaiyo mwambie na daktari wa meno.

Kwa yule dada nilikata zote fupi, ile iliyoachia nikaikata mpaka pale isipouma. Nyumbani avae glovu akiosha vyombo na kufua, akaushe vidole vizuri, mafuta ya nazi pembeni, na asichokonoe uchafu chini ya ukucha, hapo ndo watu wengi wanajiharibia, kila ukichokonoa unaachanisha zaidi na unaingiza bakteria. Ukiona kijani ni hao, usipakie rangi juu. Supagluu ya kugandishia ukucha ulioachia sitaki hata kuisikia.

Sendofu atapaka hina, ya majani, ile piko nyeusi yenye rangi ya nywele nimemkataza, hatuongezi aleji juu ya kidonda.

Nimempiga picha kidole cha pete. Mwezi ujao analeta mkono tulinganishe, mpaka wa weupe ukiwa umesogea kuelekea ncha basi unapona, ukiwa umeshuka zaidi basi sio kazi yangu tena, inaweza kuwa fangasi, soriasisi, hata tezi ya shingo, nampeleka mwenyewe kwa daktari wa ngozi Muhimbili, anune asinune.