Zabibu nyeupe za mvinyo: usisubiri zigeuke njano

Kila msimu wa mavuno Dodoma tunapokea malalamiko yale yale. Mkulima amepeleka zabibu nyeupe aina ya Chenin Blanc kiwandani, mzigo umekataliwa, naye anaamini ameonewa. Mara nyingi hajaonewa. Amevuna kwa kutazama rangi.

Chenin Blanc asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Ilienea sana Afrika Kusini na hapa kwetu imelizoea jua, kwa kuwa hutunza uchachu wake hata kwenye joto. Uchachu huo ndio mali yenyewe: huupa mvinyo mweupe ladha hai na kuukinga usiharibike upesi. Wanaoidharau kwa sababu haina utamu wa zabibu za kula wanatuchosha kidogo, maana haikupandwa kwa ajili ya sahani. Ikiachwa shambani ikaiva kupita kiasi, sukari hupanda, uchachu hushuka, na mchuzi wake, yaani maji yake yaliyokamuliwa, hupooza.

Basi pima sukari. Chuma punje kwenye mizabibu mbalimbali, safu za pembeni na za katikati, upande wa jua na wa kivuli, juu ya kishada na kwenye ncha yake. Ukichuma za juani tu, kipimo kitakudanganya. Kamua zote pamoja, koroga, weka tone kwenye refraktomita (kifaa cha kupimia sukari), soma, kisha uioshe kwa maji safi na kuikausha kabla ya sampuli nyingine. Ikisoma Brix 20 (Brix ni kipimo cha sukari kwenye maji ya zabibu), tarajia kilevi cha takriban asilimia 11 hadi 12. Kiwango cha kupokelewa kimo kwenye mkataba wako na mnunuzi. Sisi hatuwezi kukitaja kwa niaba yake.

Mavuno ya Februari na Machi yanahitaji macho zaidi. Vishada vya Chenin hubanana, maji ya mvua hukwama ndani, na uozo huanzia katikati, pasipoonekana. Ya Agosti na Septemba huwa na nafuu.

Kuhusu viuatilifu, siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko huhesabiwa kuanzia upuliziaji wa mwisho, si wa kwanza. Kutumia kiuatilifu kisichosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na "niliuziwa dukani" si utetezi wa kutegemea. Andika jina la dawa, kiasi na tarehe.

Vuna alfajiri, tumia kreti badala ya viroba, na usichanganye na zabibu za Makutupora nyekundu hata kishada kimoja.