Ile dashi kwa gredibuku si sifuri

Ijumaa moja jioni nikiwa kwa matatu Thika Road, jam haisongi, simu inalia. Ni mhadhiri mmoja wa idara ya biashara, tunamwita Daktari, mzee mpole sana, lakini siku hiyo hata salamu alisahau. "Kijana wangu, hii sistimu yako inapea watu maksi za bure." Nikamwambia Daktari pole, nikifika nyumbani naangalia.

Mimi kazi yangu ni kushughulikia Moodle kwa chuo fulani hapa Nairobi. Kama hujui Moodle, ni ile programu ya kufundishia mtandaoni ambayo Martin Dougiamas alianzisha kule Australia, toleo la 1.0 likatoka 2002, na ni ya bure, ndiyo maana imejaa vyuoni. Wahadhiri wengi wanaitumia kuweka notsi na kupokea asaimenti, shida huanza wakifungua gredibuku, yaani lile jedwali la maksi za darasa.

Sasa nikaingia nikamtafuta yule msichana Daktari alikuwa analalamikia. CAT 1 (CAT ni jaribio la katikati ya semista), 24 kati ya 30. CAT 2, dashi, yaani kile kistari cha kisanduku kitupu. Mtihani, 26 kati ya 70. Jumla 50, hiyo ni C. Na kweli hakufanya CAT 2, hakuleta barua, hakusema kitu, alipotea tu.

Hesabu ilitoka wapi? Coursework, yaani maksi za kabla ya mtihani wa mwisho, ni CAT mbili zenye uzito sawa, wastani wake ndio unawekwa kwa 30. Moodle ikitoka dukani, kama ni kusema hivyo, ina setingi inayoacha nje kila kisanduku kitupu. Kwa hiyo ilichukua CAT moja tu, 24 kati ya 30, ikafanya hiyo ndiyo coursework yote. Ukiweka sifuri pale kwa dashi, wastani unakuwa 12, jumla inashuka hadi 38, na kwa vyuo vingi vya hapa ambapo kupasi ni 40, huyo anaenda sapu, yaani kurudia mtihani. Kistari kimoja kidogo, C au sapu.

Kabla hujaitukana sistimu, fikiria wiki ya nne ya semista. Mtihani haujafanywa, CAT 2 haijafanywa. Kama kila tupu ingehesabiwa sifuri darasa zima lingeonekana limefeli, na hapo ungepigiwa simu na wazazi. Kwa hiyo setingi hiyo iko sawa kabisa katikati ya semista, ubaya wake ni kwamba hakuna mtu hukumbuka kuigusa semista ikiisha.

Na hapa ndipo penye maneno. Ile dashi ina maana tatu: hajafanya bado, amekataa kufanya, ama alikuwa amelazwa na ana barua ya hospitali na ataketi CAT yake baadaye. Kwa skrini zote tatu zinafanana. Programu haiwezi kujua tofauti, anayejua ni mwalimu, na mara nyingi hata yeye amesahau.

Mimi sasa nikajifanya mjanja. Jumatatu nikaingia kwa ile ripoti inayokuruhusu kujaza visanduku vyote vitupu kwa mpigo, nikaandika 0, nikabonyeza sevu, kila mwenye dashi akapata sifuri yake kwa sekunde mbili, Daktari akafurahi, mimi nikaenda chai.

Baada ya wiki tatu hivi kijana mmoja akaja ofisini. "Bosi, mimi nimezungushwa, idara inanituma kwenu, nyinyi mnanituma idara." Hii ndiyo ile hadithi ya mising maksi, yaani maksi zako hazionekani kwa rekodi, kila mtu aliyesoma chuo hapa Kenya anaijua. Alikuwa mgonjwa, akaketi CAT 2 peke yake kama kwizi ndani ya Moodle, akapata 21. Nikafungua kwizi, 21 iko pale. Nikafungua gredibuku, sifuri. Nikarudi kwizi, 21. Aki niliona haya.

Ile sifuri niliyojaza kwa mpigo ilikuwa imeingia kama ovaraidi, yaani nimeiambia gredibuku isisikize tena kwizi inasema nini, isikize mkono wangu. Kwa hiyo hata angerudia kwizi akapata 30, sifuri yangu ingekaa palepale. Nikatoa ile tiki ya ovaraidi kwa kisanduku chake, 21 ikaingia. Kijana alikuwa ametembea ofisi kwa ofisi siku nne kwa sababu ya chai yangu.

Siku hizi sijazi sifuri. Semista ikiisha naingia kwa setingi za ile kategoria (kikundi cha maksi) ya coursework natoa tiki ya kuacha tupu nje, basi kila dashi inahesabiwa sifuri bila mtu kuandika chochote, na kwizi ikipata maksi baadaye gredibuku inaipokea yenyewe. Mwenye barua nafungua kisanduku chake peke yake naweka tiki ya kumtenga na hesabu, akishafanya naitoa. Usisahau kuitoa, hiyo ni mising maksi nyingine inakungoja.

Kuna kosa lingine la uzito, nitalipitia haraka. Seneti ya chuo inasema coursework 30, mtihani 70. Mwalimu anaweka CAT mbili za 30 na mtihani wa 70 hivyohivyo zikiwa wazi, bila kategoria, jumla inakuwa 130, na mtihani unabaki na kama asilimia 54 badala ya 70. Tengeneza kategoria ya CAT, ipe upeo wa 30, mtihani uache nje na 70 zake.

Na Excel, jamani. Ukipanga safu ya majina kwa alfabeti na safu ya maksi ukaiacha ilivyo, kisha ukapakia faili hiyo Moodle, umegawia watu maksi za wenzao, na Moodle haitakuambia kitu. Ikitokea hivyo, ripoti ya historia ya gredi ndani ya Moodle inaonyesha nani alibadilisha, saa ngapi, kutoka ngapi hadi ngapi. Imeniokoa mimi, na pia imenichoma.

Kwa hiyo kabla ya bodi ya watahini, kila mhadhiri namtumia orodha ya dashi zake peke yake, aandike kando ya kila jina: bado, alikataa, ana ruhusa. Semista iliyopita Daktari alirudisha yake imejazwa vizuri kabisa, isipokuwa jina moja ambalo aliandika, "Huyu ni nani?" Kuangalia, ni mwanafunzi wa uuguzi aliyeandikishwa kwa kozi yake kimakosa tangu wiki ya kwanza, na alikuwa na dashi kila mahali.